Wadudu mafuta kwenye ngano: mbegu ya mama imepona, ya dukani imeliwa. Wakulima wa Makete, Mbeya na Njombe naomba tujadili

Binti wa Matamba (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Jambo hili ninalo tangu Julai. Nimeona nilete hapa kwa sababu wanaolima ngano Nyanda za Juu humu ndani ni wengi kuliko ninaoweza kuwafikia kwa miguu.

Kwetu ni Matamba, Makete. Mama analima ngano tangu mimi sijazaliwa, kama ekari mbili hivi, mtelemkoni. Msimu uliopita tulipanda mbegu mbili. Upande wa juu mama alimwaga mbegu yake ya siku zote, ile anayoibakiza kila mavuno na kuihifadhi kwenye dari ya jiko ili moshi uipitie. Haina jina, pale kijijini tunaiita "ya zamani" basi. Upande wa chini nilipanda mimi mbegu niliyonunua duka moja la pembejeo Mbeya mjini. Muuzaji aliniambia inastahimili magonjwa na wadudu. Nikalipa, sikuuliza la zaidi.

Ngano ilipotia suke, mvua ikiwa imekata, wadudu mafuta (wengine huwaita vidukari) wakaingia.

Nilikata suke moja la upande wangu nikakaa nalo kwenye jiwe. Lilikuwa bado bichi. Kati ya punje na punje walijipanga wadudu wa kijani, wengine wadogo kuliko chembe ya ulezi, vichwa vimeelekea chini, midomo imezama ndani. Wakubwa na watoto wao pamoja. Nilipopitisha kidole kikanata kama nimegusa asali iliyotiwa maji. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka, na jani lililo chini ya suke lilishaanza kufunikwa na ukungu mweusi juu ya ule utamu. Nikawahesabu kwenye suke hilo moja: 47.

Nikapanda kwa mama. Suke la kwanza 6. La pili hakuna hata mmoja. La tatu 9. Nikazunguka upande wote wa juu, hali ni ileile.

Mama alicheka tu, akasema: "Hii hawaipendi." Kwake jambo liliishia hapo. Kwangu halijaisha. Je, ni kweli ngano inaweza kuzaliwa na kitu cha kumkataa mdudu? Na kama ni kweli, kwa nini mfuko wa mbegu hauandiki?

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Mavuno ya upande wangu yalikuwa magunia matatu. Nilitegemea sita.

Kijana wa Mwanjelwa

Pole sana dada. Mimi ningepiga dawa mapema, wiki ya kwanza tu. Wadudu mafuta ukiwaachia siku kumi huwawezi tena.

Mzee wa Isyonje

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ubwana shamba miaka mingi, sasa nimestaafu niko na viazi vyangu. Kabla watu hawajakimbilia vinasaba naomba unijibu maswali matatu.

Mbegu zote mbili zilipandwa siku moja? Mbolea mliweka sawasawa? Na upande wa chini unapakana na nini?

Binti wa Matamba

Shikamoo mzee wangu, ahsante kwa kunijibu. Mama alipanda tarehe 9 Machi, mimi 28 Machi kwa sababu nilichelewa kupata ruhusa kazini. Mama hakuweka mbolea ya dukani, aliweka samadi. Mimi niliweka urea mara mbili. Upande wa chini unapakana na mahindi ya jirani.

Mzee wa Isyonje

Basi bado hatujui kitu, mwanangu, na nakueleza hivyo kwa upendo.

Ngano ya mama yako ilikuwa na siku 19 mbele. Wadudu walipofika kwa wingi, punje zake huenda zilishaanza kukauka, na mdudu mafuta anataka utomvu, hataki punje ngumu. Yako ilikuwa laini. Halafu urea: ngano iliyolishwa naitrojeni nyingi huwa laini na tamu, na wadudu wanaonyonya huongezeka haraka juu yake. Mahindi nayo huwahifadhi wadudu wa aina hiyo na kuwahamishia kwenye ngano. Kwa hiyo una sababu tatu za kuliwa ambazo hazihusu mbegu kabisa.

Sisemi mama yako kakosea. Huenda amepatia. Lakini nimeona watu wakisifu mbegu kwa msimu mmoja, kijiji kizima kikahamia, msimu wa pili wakalia. Kwanza tutenganishe.

Punje na Suke

Mzee wa Isyonje shikamoo, nakuunga mkono. Mimi nilisomea uzalishaji wa mbegu Morogoro na ndiyo kazi yangu hadi leo, ngano na shayiri zaidi. Naomba nijibu ile sehemu ya kwanza ya swali, kwamba ukinzani wa kuzaliwa upo au haupo.

Upo. Na neno la mama, "hawaipendi", ni la kitaalamu kabisa. Mwaka 1951 Reginald Painter, mtaalamu wa wadudu kutoka Kansas, alieleza kwamba mmea humshinda mdudu kwa njia tatu, na hadi leo tunafundishwa hivyohivyo kwa marekebisho madogo. Kuna mmea ambao mdudu akitua hautaki. Pengine jani lina manyoya, pengine lina nta, pengine harufu yake haimvuti, anaondoka bila kula wala kutaga. Kuna mmea ambao anaukubali na kuula, kisha unamdhuru: anadumaa, anazaa kidogo, au anakufa akiwa mchanga. Na kuna mmea unaoliwa kama mwingine wowote lakini unavumilia, mavuno hayashuki sana.

Hiyo ya tatu peke yake ndiyo ustahimilivu. Mbili za kwanza mimi naziita ukinzani. Muuzaji aliposema "inastahimili" hakukueleza ni ipi, na tofauti ni kubwa. Ngano inayovumilia inaweza kujaa wadudu huku wewe unavuna, na wadudu haohao wakahamia kwa jirani. Wadudu mafuta wa ngano hubeba pia kirusi kinachodumaza shayiri na ngano na kugeuza majani kuwa ya manjano. Ukimvumilia mdudu, kirusi bado unacho.

Sasa mfano wa kweli, maana bila mfano tutabishana hewani. Kuna mdudu mafuta mmoja anaitwa kidukari wa Urusi. Asili yake ni Asia ya Kati na nchi za jirani yake. Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 1978, Marekani 1986, Kenya 1995, Australia 2016. Huyu ana tabia mbaya kuliko wale uliowaona. Akinyonya, mate yake yanafanya jani lijiviringe kama mkeka, linatoka michirizi myeupe na ya zambarau, na suke linanasa ndani ya jani likitoka limepinda kama ndoano. Yeye na wanawe wanaishi ndani ya lile jani lililojifunga. Ukipiga dawa ya kugusa, inaishia nje.

Ndiyo maana wenye ngano walilazimika kugeukia mbegu. Walitafuta kwenye ngano za kule mdudu alikotoka, kwa hoja kwamba palipo na mdudu wa miaka mingi ndipo mmea ulipolazimika kujifunza. Wakapata. Jeni ya kwanza, yaani kinasaba kinachobeba ulinzi huo, iliyopewa jina Dn1, ilitoka kwenye ngano ya Iran. Nyingine, Dn4, ilitoka Turkestan. Afrika Kusini wakatoa mbegu iitwayo Tugela-DN mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Colorado, Marekani, wakatoa Halt mwaka 1994. Kwenye Halt jani halikujiviringa. Na jani likibaki wazi, mdudu hana nyumba: mvua inampiga, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni wanamfikia na kumla.

Naishia hapa kwanza, nina safari. Mwaka 2003 kilitokea kitu Colorado ambacho ndicho kiini cha mjadala wote. Nitarudi usiku.

Mama Pareto

Mwalimu Punje, ahsante sana, nimeelewa kila neno. Mimi niko Umalila, nalima pareto na ngano kidogo. Swali langu: kwa nini tusitumie pareto yetu wenyewe? Tunauza maua yanakwenda kiwandani Mafinga, halafu tunarudi dukani kununua dawa ya kutoka nje.

Mzee wa Isyonje

Mama, pareto ni nzuri na kwa wadudu mafuta walio wazi juu ya suke inafanya kazi. Ina mambo mawili. Inaua kwa kumgusa mdudu, na jua linaivunja haraka, kwa hiyo piga jioni na ulenge mdudu mwenyewe. Lakini bomba la mgongoni ekari nzima, kila baada ya siku chache, kwa umri wangu na wako mama? Mbegu inayojilinda haihitaji mtu wa kuibebea maji mlimani.

Kijana wa Mwanjelwa

Samahani wakuu, hizi si ndiyo zile GMO, mbegu zinazotiwa jeni maabara? Maana nikisikia jeni tu nashtuka.

Punje na Suke

Nimerudi. Kijana, swali lako ni zuri na nalijibu kwanza.

Hapana. Jeni hizo zote nilizozitaja zilikuwemo ndani ya ngano tayari. Mtafiti anachukua chavua ya ngano kinzani, anaipaka kwenye ua la ngano inayozaa vizuri, anapanda watoto, anawaachia wadudu, anabakiza waliosimama, anarudia. Miaka minane, kumi, wakati mwingine zaidi. Siku hizi alama za vinasaba zinasaidia kujua mche upi umebeba jeni kabla hata haujawa na majani manne, lakini uzazi wenyewe ni uleule.

Ngano iliyotiwa jeni kwa maabara ili kumfukuza mdudu mafuta ilijaribiwa Uingereza, kituo cha Rothamsted, mwaka 2012 na 2013. Waliifanya itoe harufu ambayo vidukari wenyewe huitoa wakiwa hatarini. Ndani ya maabara wadudu walikimbia. Shambani hawakujali, matokeo yakatangazwa 2015 bila kufichwa. Nawaheshimu kwa hilo, maana wengine wangekaa kimya.

Sasa Colorado. Mwaka 2003 wakulima waliona ngano yenye Dn4 inajiviringa majani. Ilikuwa ileile iliyowalinda kwa miaka tisa. Halikuwa kosa la mbegu, mbegu haikubadilika. Lilikuwa limetokea kabila jingine la kidukari yuleyule, ambalo Dn4 hailitambui. Afrika Kusini nao wakakutana na kabila lao jipya mwaka 2005, likaivuka Dn1.

Ili kuelewa, mfikirie sungusungu mmoja anayelinda kijiji. Anamjua mwizi fulani kwa sura. Mwizi huyo akija anapiga filimbi, kijiji kinaamka. Siku akija mwizi mwenye sura nyingine, sungusungu anamsalimia anapita. Jeni moja ya ukinzani mara nyingi ni sungusungu wa namna hiyo: anatambua kitu kimoja kwenye mate ya mdudu. Na mdudu mafuta anazaa bila dume, anazaa watoto hai, na watoto wale ndani ya siku kama kumi nao wanazaa. Akitokea mmoja tu mwenye mate tofauti, na shamba zima ni mbegu moja, amepewa mkoa mzima bure.

Jambo hili lilithibitishwa vizuri kwa mdudu mwingine, inzi wa Hesse, ambaye funza wake hukaa kwenye shina karibu na ardhi. Wamarekani waliamini aliletwa na majani makavu ya askari wa Hesse wakati wa vita vyao vya uhuru, na tayari miaka ya 1780 wakulima wa New York walikuwa wanaambiana kwamba ngano fulani iitwayo Underhill haifi kwa inzi huyo. Mkulima aliona kabla ya maabara, kama mama yako. Leo jeni zaidi ya 30 dhidi ya inzi huyo zimetambuliwa, kadhaa zikitoka kwenye nyasi pori iliyochangia sehemu ya tatu ya urithi wa ngano ya mkate. Na kwa kila jeni ya ngano, inzi ana jeni yake inayolingana nayo. Jeni moja ya inzi ikibadilika, ulinzi umekwisha.

Chapati Soweto

Habari za usiku. Mimi silimi, ninakanda unga, nina mgahawa mdogo Soweto hapa Mbeya. Ninachotaka kujua ni kimoja: hizi ngano zinazokataa wadudu, unga wake unakandika?

Punje na Suke

Swali hilo watafiti wengi wangepaswa kuulizwa mapema, dada yangu. Jibu linategemea jeni imetoka wapi. Iliyotoka kwenye ngano nyingine kwa kawaida haina shida. Lakini kuna jeni iitwayo Dn7, ambayo ililizuia hata lile kabila jipya la Colorado, na yenyewe imetoka kwenye rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Inapoletwa, inakuja na kipande cha kromosomu ya rai, na kipande hicho kinafanya donge linate mikononi na mkate usiumuke sawasawa. Inabidi wakipunguze kidogo kidogo huku jeni ikibaki, kazi ya miaka.

Chapati Soweto

Ahsante. Donge la kunata nalijua, unga wa namna hiyo tuliwahi kuletewa. Chapati hazikusukumika siku nzima.

Mkulima Ludewa

Wakuu nimesoma yote. Kama jeni moja inavunjwa, kwa nini wasiweke mbili au tatu kwa pamoja? Sungusungu watatu getini.

Punje na Suke

Ndivyo wanavyofanya, na hiyo ndiyo njia bora tuliyonayo. Mdudu ili apite anatakiwa abadilike mara tatu kwa mpigo, na hilo ni gumu sana. Shida ni kwamba jeni tatu kwa mbegu moja zinahitaji muda na fedha, na kwetu hapa kipaumbele cha ngano kimekuwa ugonjwa wa kutu, hasa baada ya lile kabila la kutu la Uganda la 1999. Sipingi, kutu inamaliza shamba ndani ya wiki chache. Lakini naamini kwa dhati kwamba tumewaacha wadudu nyuma, na mfuko wa mbegu unaosema tu "inastahimili" ni ushahidi.

Kuna njia nyingine ambayo Wakanada wanaitumia na mimi naipenda sana. Wana inzi mdogo wa rangi ya machungwa anayetaga kwenye masuke, funza wake wanafyonza punje changa. Ngano yenye jeni Sm1 inawaua funza hao. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo jeni pekee waliyokuwa nayo dhidi yake, sungusungu mmoja tu. Basi tangu 2010 mbegu hiyo wanaiuza ikiwa imechanganywa makusudi: 90 kwa 100 yenye jeni, 10 kwa 100 isiyo na ulinzi.

Kijana wa Mwanjelwa

Hapo ndipo mmenipoteza mkuu. Unachanganyaje mbegu nzuri na ya kuliwa?

Punje na Suke

Fikiri hivi. Shamba zima likiwa na Sm1, inzi wote wa kawaida wanakufa. Anayepona ni yule mmoja kati ya maelfu mwenye uwezo wa kuivuka. Na kwa kuwa wengine wamekufa, wawili wa namna hiyo watakutana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao wote wataivuka.

Ukiacha ile sehemu ndogo ya kuliwa, inzi wa kawaida wanaendelea kuwepo, wengi. Yule mwenye uwezo atapata mwenza wa kawaida, na watoto wao wataendelea kufa kwenye Sm1. Unatoa punje kidogo ili jeni iishi muda mrefu. Ndiyo maana mkulima wa kule anaruhusiwa kubakiza mbegu hiyo kwa msimu mmoja tu. Akiendelea mwaka hadi mwaka, uwiano unaharibika.

Kwa mdudu mafuta anayezaa bila dume, hoja ya kuoana haipo. Lakini mchanganyiko bado unasaidia kwa njia nyingine: kabila jipya halikuti shamba zima likiwa wazi kwake.

Na hapo, Binti wa Matamba, nina swali ambalo nimelibana tangu mwanzo. Masuke ya mama yako yanafanana?

Binti wa Matamba

Hayafanani hata kidogo. Mengine yana ndevu ndefu, mengine hayana. Mengine yakikauka yanakuwa mekundu, mengine meupe. Urefu nao unapishana, ndiyo maana mimi nilitaka aiache, naona kama shamba la mtu mvivu ukilinganisha na langu lililosimama sawasawa. Nimewahi kumwambia hivyo na sasa ninajisikia vibaya.

Punje na Suke

Usijisikie vibaya. Ila sikiliza kwa makini: mama yako hana mbegu moja. Ana mbegu nyingi ndani ya debe moja, zilizochujwa na wadudu, ukungu na baridi ya Matamba kwa miaka ambayo hakuna kituo cha utafiti kinachoweza kuilipia. Na kwa kuwa ngano hujichavusha yenyewe, kila mstari humo ndani umebaki karibu vilevile mwaka hadi mwaka. Huenda mmoja wao una ukinzani, huenda mitatu, huenda hakuna, kama alivyosema mzee. Lakini ikiisha hatutajua kamwe.

Bado mnayo?

Binti wa Matamba

Mara ya mwisho kulikuwa na debe moja na nusu darini. Kaka alisema ataipeleka mashineni mwezi huu kwa sababu mimi niliahidi kuleta mbegu mpya. Ngoja nipige simu.

Mzee wa Isyonje

Piga sasa hivi mwanangu, usingoje asubuhi.

Mkulima Ludewa

Wakati tunamsubiri: ya ghalani je? Ukinzani huu unazuia fukusi na dumuzi?

Mzee wa Isyonje

Usiutegemee. Kinachomkataa mdudu wa jani au suke bichi si lazima kimkatae mla punje kavu. Kausha vizuri, tumia mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa.

Binti wa Matamba

Nimempata mama, ilibidi jirani ampelekee simu.

Debe moja limeshasagwa juzi. Ile nusu ipo. Kaka alikuwa ameishusha tayari iko mlangoni kwenye mfuko, na mama ameirudisha darini nikiwa bado kwenye simu, nimesikia ngazi. Ameniuliza kuna nini, nikamwambia kuna watu wanasema ngano yake ni ya kusomwa. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo mbegu alipewa na mama mkwe wake alipoolewa.

Naombeni mniambie cha kufanya, hatua kwa hatua. Sitaki kukosea tena.

Mzee wa Isyonje

Kwanza toa kilo moja, usiipande. Ikaushe, iweke kwenye chupa kavu iliyofungwa. Hiyo ni akiba.

Machi tafuta kipande kilicho sawa, udongo mmoja, mwinuko mmoja, mbali na mahindi. Pima vitalu 8, kila kimoja mita 4 kwa 4. Andika karatasi nane, nne "mama" nne "duka", piga kura kila kitalu kipate mbegu yake. Usiweke zote za mama upande mmoja. Gramu 200 kwa kitalu zinatosha, kwa hiyo ya mama itatumika chini ya kilo moja. Panda vyote siku moja. Mbolea ileile, kiasi kilekile. Dawa usipige.

Ikianza kutia suke, kila Jumamosi chukua mashina 10 katikati ya kila kitalu, usichague, uhesabu wadudu wote, uandike. Wakizidi 50 andika "zaidi ya 50" uendelee. Mwishoni vuna kila kitalu peke yake na kipime.

Punje na Suke

Naongeza mambo mawili kwenye ya mzee. Wakati wa kuhesabu, andika pia suke lina ndevu au halina, jekundu au jeupe. Kama wadudu wanaepuka aina mojawapo ndani ya vitalu vya mama, itaonekana hapo. Masuke yatakayobaki safi kila wiki yafunge uzi mwekundu, uyavune moja moja, kila suke bahasha yake. Huko ndiko mbegu mpya huanzia.

La pili, ukungu. Kanada na Marekani wana ngano yenye shina lililojaa ndani, ambayo funza wa nyigu wa shina anashindwa kuitoboa. Lakini mawingu yakikaa siku nyingi wakati shina linarefuka, shina halijai vizuri na ulinzi unapungua, ingawa jeni ipo. Matamba mnajua ukungu. Andika siku za ukungu mzito na siku za jua, ili mbegu ikishindwa tusiilaumu kabla ya kujua hali ya hewa ilikuwaje.

Na sampuli ndogo ifike TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, nyingine benki ya taifa ya mbegu Arusha, ikiwa na maelezo ya mama: ilipotoka, inavyoitwa, nani alimpa. Nitakuandikia faragha jinsi ya kuifunga.

Mama Pareto

Binti, nami Umalila nina ngano ya mama mkwe yenye masuke mekundu, imebaki kama kilo tatu. Naweza kukupa kilo moja uiweke kwenye vitalu vyako, nami unipe ya mama yako niijaribu huku kwa mpango huohuo wa mzee.

Binti wa Matamba

Mama ahsante sana, nakubali. Basi vitalu vitakuwa 12. Jumamosi nashuka Mbeya na gari la asubuhi, kama saa nne nitakuwa Isyonje. Mzee, kama upo karibu, naomba nikuonyeshe mbegu kabla sijampa mtu.

Mzee wa Isyonje

Nipo. Njoo nazo zote mbili, ya mama na ile ya duka pia. Nitakuja na mizani.